Umepumzika Wapi?

Ijumaa, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Bibi alikaa chini katikati ya njia. Saa naijua kwa sababu sikutaka kumtazama usoni, nikatazama simu.

"Bibi, vipi?"

"Nafunga kamba za viatu."

Alikuwa amevaa ndala. Ndala na soksi zangu za shule, zile nyeupe ndefu, kwenye joto ambalo hata mbuzi walikuwa wamejibana ukutani kutafuta kivuli. Nikasimama kando yake kama mtu anayengoja mwenzake amalize kufunga kamba. Watu walikuwa wanapita, na Bibi alikuwa anaitikia salamu zao kutoka palepale chini, kwa sauti ya mtu mzima kabisa. Akishaitikia anameza pumzi. Akimeza pumzi, mishipa ya shingo inasimama.

Tulikuwa tunatoka zahanati, kwa Tabibu.

Humu daftarini nimeshaandika habari za watu wengi: walimu, wasichana wa bwenini, hata mwenye duka anayejifanya hana chenji. Tabibu sijawahi kumwandika. Nadhani ni kwa sababu alikuwepo siku zote, na mtu aliyepo siku zote unamwona kama ukuta. Sasa namwandika kwa sababu yote yaliyotokea kuanzia saa ile yanamhusu, na kwa sababu nikianza na Bibi nitalia.

Ni jirani yetu. Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Kintinku ukielekea Manyoni, reli inapita upande mmoja na barabara ya lami upande mwingine, na nyumba ya Tabibu, yenye mlango wa bluu, inatazamana na yetu. Jina analo, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Mama humwita Tabibu akiwepo na Tabibu akiwa hayupo, na hilo kwa Mama ni heshima kubwa, maana watu wengine wakishaondoka huwa na majina mengine kabisa.

Ukimpa mkono kumwamkia, anaubakiza. Anasema "marahaba, marahaba, shule inaendaje," na wakati huo kidole chake kimeshatambaa kwenye kifundo cha mkono wako kinatafuta mapigo. Kijiji kizima kinajua. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, tunayemwita Babu wa Reli, huficha mikono nyuma akimwona anakuja. "Huyu ukimsalimia anakusoma kama gazeti," anasema. "Mimi habari zangu za jana sitaki zitoke." Tabibu humjibu kwamba habari zake za jana zinasikika mdomoni, mkono hauhitajiki.

Anasema kila siku watu wapunguze chumvi, na yeye mwenyewe anakula mlenda ambao ukiuonja ulimi unakunjamana. Anawaambia wagonjwa wa moyo wapumzike mchana, na sijamwona amelala mchana hata mara moja. Matangazo ya redio ya dawa inayotibu magonjwa yote yanamfanya ainuke na kuzima redio hata kama si yake, hata kama ni dukani na watu wanasikiliza. Wanamnung'unikia. Anazima hivyohivyo, anarudi kukaa.

Kisha mtu huyohuyo akatuletea mwanga.

Lakini kabla ya mwanga niandike swali lake, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Zamani, Mama anasimulia, Tabibu alikuwa anauliza kama matabibu wengine: unajisikiaje? Siku moja alikuja mchungaji wa ng'ombe, mtu mwenye mwili, akaulizwa, akajibu anamshukuru Mungu, ni mzima, kaja tu kusalimia kwa vile alikuwa anapita. Ndivyo watu wa kwetu wanavyojibu. Mtu akikuuliza hali, humrushii maradhi usoni; unashukuru kwanza, unamuuliza na yeye za nyumbani, na ugonjwa unautaja mwishoni kama kitu ulichokisahau. Mchungaji hakufika mwishoni. Alishukuru, akaondoka, na asubuhi hakuamka. Tabibu alikwenda kumzika akiwa na jembe lake mwenyewe, akachimba na vijana.

Tangu hapo hakuuliza tena mtu anajisikiaje. Anauliza: "Umepumzika wapi ulipokuja?"

Kila njia ya kuja zahanati anaijua. Anajua kutoka kila mji kuna kituo gani: bomba la maji, mashine ya kukamulia alizeti, ofisi ya kata, kalavati. Kwa hivyo vituo anapima moyo wa mtu. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mama mmoja, "Mwezi uliopita ulifika mashine ya alizeti ndipo ukakaa. Leo umekaa kalavati. Kalavati iko kabla ya mashine. Kwa hiyo tusidanganyane."

"Lakini najisikia vizuri, Tabibu."

"Vizuri si jibu. Kalavati ndiyo jibu."

Sasa mwanga. Miaka ya nyuma alipelekwa nchi ya mbali, mashariki, kwa mafunzo, na huko aliona tiba ya sindano, ile wanayomchoma mtu sindano nyembamba mkononi au mguuni ili kutuliza kitu kilicho mahali pengine mwilini. Akaona na wazee wanaoogopa sindano wanawekewa leza badala yake, mwanga mdogo unaogusa nukta ileile bila kuchoma. Moja ya nukta hizo iko ndani ya mkono: unalaza vidole vyako vitatu kuanzia mkunjo wa kifundo, na pale kidole cha tatu kinapoishia, katikati ya kano mbili, ndipo penyewe. Wanasema inasemezana na moyo. Wengine duniani wamejaribu wakaona kitu, wengine wamejaribu hawakuona. Tabibu hakupenda hilo la wengine wameona na wengine hawakuona. Lilimkaa kama mfupa wa samaki kooni.

Basi chuo kimoja cha mjini kilipotafuta mahali pa kufanya utafiti, akakubali kuwakusanya wagonjwa wa moyo wa huku kwetu. Kila Jumatatu na Ijumaa, na wa mbali, pamoja na waliokosa siku yao, Jumamosi, wanakaa kwenye benchi refu la barazani, wanaingia mmojammoja. Dada mmoja wa chuo anawafunga nyaya za mashine inayochora moyo, Tabibu anaweka leza mkononi, mashine inachora tena.

Aliwaelezea yeye mwenyewe siku ya kwanza. Mimi nilikuwepo, nilimleta Bibi. Alisema moyo mzuri haupigi kama saa ya ukutani, tiki tiki tiki bila kubadilika. Moyo mzuri unapanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayepita njia ya mashambani, anaruka tuta, anakwepa mwiba. Moyo uliochoka ndio unaokwenda sawasawa, kwa sababu hauna tena nguvu ya kukwepa. Wanataka kuona kama mwanga unaurudishia moyo huko kukwepa.

Kisha akatoa vifaa viwili, kila kimoja kama kalamu nene. Vyote vina kijitaa cha kijani, vyote vinalia pii. Kimoja kinatoa mwanga na kingine hakitoi chochote. Na mwanga wenyewe, akasema, jicho la mtu haliuoni.



"Sasa kipi ni kipi?" Babu wa Reli akauliza.

"Sijui."

"Wewe hujui?"

"Aliyeko chuoni ndiye anajua. Mimi nikijua, nitawatazama kwa jicho la kujua, na nyie mtaliona."

"Tabibu, wewe si ndiye ulikuwa unatukataza waganga? Leo umetuletea tochi isiyowaka. Mganga wa kwetu angalau anakupa mzizi, unaushika, unajua huu ni mzizi."

Watu wakacheka. Tabibu naye akacheka, lakini akamjibu. "Mganga wako anakwambia inaponya. Mimi nakwambia sijui. Hiyo ndiyo tofauti. Na dawa zenu za hospitali mnaendelea nazo kama kawaida, asiache mtu hata kidonge."

Waliitikia wote kwa pamoja, ndiyo Tabibu, kama kanisani.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa, na hakuna aliyeliona, si yeye, si dada wa chuo, wala mimi niliyezaliwa humuhumu.

Mimi si mtu wa kuongea, hili lijulikane. Darasani nikiitwa nasimama, jibu ninalo, na mdomo unakataa. Wavulana wa kidato cha tatu wananiita Bubu na nimezoea. Siku moja Tabibu alinikuta nimekaa nje ya uzio wetu nimekunja magoti, nimetoka kuchekwa, akachuchumaa mbali kidogo, akawa anawatazama kuku wa Bibi wakigoma kuingia bandani.

"Ukimkimbiza kuku jioni, anapanda juu ya paa," akasema. "Ukikaa kimya, anaingia mwenyewe."

Nikadhani anaongea habari za kuku. Akainuka, akajifuta magoti, akasema, "Sauti yako ipo. Usiikimbize," akaenda zake. Hakuwahi kunilazimisha nijibu neno. Nikimwamkia anabakiza mkono wangu kama wa wengine, na nadhani alikuwa anasikia humo yale ambayo sikuyasema.

Bibi yeye, Tabibu alikuwa anamwita Mama. Mkewe alipofariki, kabla sijazaliwa, Bibi ndiye aliyempikia siku zote za msiba na miezi iliyofuata, anavuka barabara na bakuli la ugali wa uwele limefunikwa, anakaa mlangoni hadi ale. Tabibu hakusahau. Mtu anayemwambia mkuu wa kituo cha polisi "tusidanganyane", mbele ya Bibi anavua kofia.

Na hapa niseme kitu ambacho nilikiona mapema nikakiacha. Kwenye lile benchi, kila mtu aliulizwa amepumzika wapi. Bibi hakuulizwa. Akifika zamu yake, Tabibu alimshika mkono kwa mikono miwili akasema, "Mama, leo naona uso umenyooka." Na Bibi akasema, "Nashukuru, mwanangu."

Wiki za mwanzo ulikuwa umenyooka kweli. Moyo wa Bibi umetanuka tangu zamani, ana presha, ana vidonge vya moyo na vingine vya kupunguza maji mwilini. Mashine ilianza kuchora vizuri. Tabibu alikuja uzioni kwetu jioni moja, akamwambia Mama kwamba Bibi ndiye anayekwenda vizuri kuliko wote, na alipokuwa anasema alikuwa anazungusha kofia mikononi kama kijana aliyekuja kuposa. Sijamwona hivyo kabla wala baada. Yule mtu wa "sijui" alikuwa anatamani.

Kisha soksi zangu zikaanza kupotea.

Nikazikuta miguuni kwa Bibi. Akasema baridi. Nikamwona ameacha kulala chali, amelikokota gunia la mbegu za alizeti kitandani na kuliegemea, analala ameketi. Akasema ni mgongo. Zahanati dada wa chuo akasema leo mashine haikuchora vizuri sana, na Tabibu, bila kuinua kichwa, akasema, "Ni joto hili." Nilimtazama aliposema. Mtu mwingine yeyote angemwambia vua soksi.

Alhamisi, siku moja kabla ya ile njiani, nilikuwa natafuta majani ya chai, nikafungua kopo, nikakuta vidonge. Vyote, kwenye pakiti zake, havijatobolewa.

Bibi aliingia akaniona nimevishika. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda akanielewesha kama mtu anavyomwelewesha mgeni.

"Wewe umesoma, lakini hili hujafundishwa. Ukishaingia mkononi kwa mganga mmoja, dawa ya mwingine unamwachia mwenyewe. Dawa mbili hazilali nyumba moja. Ukinywa na ya yule, umemwambia huyu kwamba humwamini."

"Lakini Tabibu mwenyewe alisema msiache."

"Alisema. Mwenye adabu lazima aseme hivyo. Mgeni akikuta unakula, unamwambia karibu, si ndiyo? Na yeye anakwambia nimeshiba. Kila mtu amefanya la kwake." Akapumua. Sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha. "Yule ni mtoto wangu. Watu wanamcheka na tochi yake. Mimi ndiye wa kumcheka na mimi?"

"Bibi, na kama unayowekewa ni ile isiyo na kitu?"

 Nadhani alikuwa ameshaliwaza.

"Ukimwambia," akasema, "utakuwa umenivua nguo mbele za watu."

Basi Ijumaa ikawa hivyo nilivyoandika mwanzo. Alipomaliza kufunga kamba ambazo hazikuwepo, nilimwinua, na tulifika nyumbani. Nilimweka kwenye gunia lake. Mama alikuwa bado kazini kwenye mashine ya alizeti. Bibi akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na alikuwa amekaa tu. Midomo imebadilika rangi. Nikampelekea maji akasukuma kikombe.

"Ngoja Mama yako aje," akasema. Kisha akasema, "Usiende popote."

Nilivuka barabara.

Tabibu alikuwa amerudi, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa bluu na ungo mapajani, anachambua mchele. Jua lilikuwa limeshaanza kulala. Nikasimama mbele yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanyoosha mkono akaubakiza wangu, na uso wake ukabadilika kidogo, kwa sababu mapigo yangu yalikuwa yanakimbia kama ya mtu aliyeiba.

Nikafungua mdomo. Hakuna.

Alirudi kwenye mchele wake. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa lingine. Nyuma yangu namwona Bibi kwa akili, na bado hakuna neno. Nilitaka kumshika shati nimvute. Hata hilo mikono ilikataa.

Tabibu hakuniuliza kuna nini. Alisema, bila kunitazama, kama utani, kwa vile kutoka kwetu hadi kwake ni barabara tu:

"Umepumzika wapi ulipokuja?"

"Mimi sijapumzika," nikasema. "Ni Bibi."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Alipumzika wapi?"

"Mlangoni kwako, zahanati. Halafu ofisi ya kata. Halafu kalavati. Halafu katikati ya njia."

"Katikati ya njia kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hata kivuli hakuna." Na kwa kuwa sauti ilikuwa imeshaingia bandani niliogopa isije ikatoka tena, nikamalizia haraka: "Vidonge viko kwenye kopo la majani ya chai. Vyote."

Aliweka ungo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akaingia ndani, akatoka na mkoba wake, akavuka barabara bila viatu.

Bibi alipomwona alijaribu kuvuta kanga ifunike miguu. Tabibu akapiga magoti. Hakusema habari za jioni. Akashika soksi moja, akaishusha, na mpira wa soksi ulikuwa umechimba mfereji kwenye mguu. Akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa, akakiondoa. Shimo likabaki. Akalitazama. Bado likabaki.

Bibi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Umenivua."

"Ningezivua mimi," Tabibu akasema. "Kila ulipokuja, ningezivua mimi. Nilikuonea haya, Mama."

"Nilikuheshimu."

"Najua." Alikuwa ameshafungua mkoba, anavuta dawa kwenye bomba la sindano. "Nami nilikuheshimu. Tazama tulikofika sisi wawili."

Alimchoma sindano, sindano ya kweli, ya kuondoa maji. Kisha akapiga simu, na kati ya simu na gari alikaa chini sakafuni, ameegemea kitanda, ameshika mkono wa Bibi. Kidole kilikuwa kwenye mapigo. Nilikuwa naitazama midomo yake ili nijue, kwa sababu midomo yake huwa inahesabu. Ilihesabu, ikasimama, ikaanza upya. Mama alifika mbio na mafuta ya alizeti bado mikononi, akauliza nini, nani, tangu lini, na Tabibu akamjibu, "Tangu nilipofurahi."

Sikulielewa jibu hilo mpaka baadaye kitandani, nilipokumbuka ile kofia aliyokuwa anaizungusha.

Gari la wagonjwa lilipofika wakampakia Bibi ameketi, kwa sababu akilazwa alikuwa anazama. Mama akapanda. Tabibu akaweka mguu mmoja ndani, akashuka tena, akaja hadi nilipokuwa nimesimama.

"Kesho ni Jumamosi. Wale wa mbali watakuja."

"Ndiyo."

"Mimi nitakuwa Manyoni na Bibi yako. Dada wa chuo hayupo. Muuguzi atakuwepo, lakini ni mgeni hapa, kwake watajibu 'vizuri' tu. Waambie leo hakuna mwanga. Halafu waulize."

"Niwaulize nini?"

"Unalijua."

"Tabibu, mimi siwezi."

"Najua huwezi," akasema. "Waulize hivyohivyo."

Nikamuuliza, na utafiti je? Sijui kwa nini niliuliza hilo badala ya kuuliza kama Bibi atapona. Labda niliogopa jibu la lile lingine. Alitazama mlango wake wa bluu, ungo wa mchele ulikuwa palepale kwenye ngazi na kuku wa Bibi walikuwa wameshaufikia.

"Nitawaambia chuo wamwondoe Bibi yako. Na kama kuna wengine kama yeye, wote wataondolewa, na tutaanza upya au hatutaanza." Akapanda. Kabla mlango haujafungwa akasema, "Kila mtu nimemuuliza amepumzika wapi. Mimi nilipumzika kwa Bibi yako."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyo nayo mpaka sasa ninapoandika. Gari lilikunja kona ya ofisi ya kata, vumbi likabaki.

Asubuhi Mama alipiga simu kabla sijanawa uso. Alisema Bibi amekojoa sana, amelala ameketi, anapumua. Alisema amegoma kunywa uji wa hospitali kwa kuwa hauna chumvi, na Tabibu amemwambia ana haki. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya Mama kukata.

"Na mimi amenitaja?" nilikuwa nimemuuliza.

"Amesema soksi zako zimechanika."

Nikavaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Nilidhani ingenisaidia. Nikaenda zahanati kwa njia ileile, na mbele yangu, mbali kidogo, alikuwa anatembea Babu wa Reli na koti lake. Alipofika relini alitazama huku na huku, hakuniona, akakaa juu ya chuma. Akakaa. Mimi nikajifanya nachuma majani ya mlenda pembeni hadi alipoinuka.

Benchi lilikuwa limejaa. Muuguzi alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Nikasimama mbele yao wote.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, na Babu wa Reli akasema, "Leo wametuletea Bubu. Basi tutapona kimyakimya."

Wakacheka kidogo. Nikasema leo hakuna mwanga, Tabibu yuko Manyoni. Sauti ilitoka nyembamba, mama wa mwisho wa benchi akaweka mkono sikioni, nikarudia. Kisha nikamgeukia Babu wa Reli kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi.

"Babu, umepumzika wapi ulipokuja?"

"Mimi? Sijapumzika popote. Mimi ni kichwa cha treni."

"Nilikuwa nyuma yako," nikasema. "Ulikaa relini."

Hakuna aliyecheka. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho bila utani, na nikaona na miguu yake, viatu havikufungwa kamba kwa sababu havikuweza kufungwa.

"Bibi yako yuko wapi?" akauliza. "Yeye huwa anakuja na wewe."

"Yuko Manyoni. Alikuwa ameweka vidonge kwenye kopo la chai. Alisema dawa mbili hazilali nyumba moja."

  Babu wa Reli akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa pakiti ya vidonge iliyokunjwa, nzima, haijatobolewa, akaiweka juu ya goti lake.

"Si dharau," akasema taratibu. "Ilikuwa ni heshima."

"Najua, Babu."

Mama wa pembeni yake akaanza kufungua fundo la kanga. Wa tatu akawa anatazama chini. Muuguzi alikuwa ameshatoka dirishani, yuko mlangoni, anasema kila mtu aingie kwake na vidonge vyake, asimeze mtu kabla hajaviona, asifidie vya siku zote alizoruka kwa mara moja. Nikaenda kwenye mtungi wa barazani nikajaza kikombe, nikamwekea Babu wa Reli kando. Kisha nikasogea hatua moja hadi kwa mama aliyekuwa anahangaika na fundo.

"Shikamoo, Mama. Wewe umepumzika wapi ulipokuja?"